Choroko za Mpangaji Wangu

Mpangaji wangu aliniambia ukweli siku ya kwanza kabisa nilipomuuliza, na mimi sikuamini. Nilitaka kujua ana nini ndani ya kile kibanda cha uani hata akifunge kwa kufuli mchana kutwa. Akasema, "Choroko tu, mama. Naziotesha." Nikaitikia haya, nikaondoka nimeudhika, maana hapa Palma choroko ikishaota ni hasara, unawamwagia kuku. Nani aoteshe choroko gizani kwa makusudi?

Alitokea kijiji cha Nhica. Miaka ya vita alivuka mto Ruvuma akakaa ng'ambo, Mtwara, kisha akarudi peke yake, nami nikampangisha chumba. Juu ya chumba akaniomba na kibanda kilichokuwa jiko langu kabla nyumba haijachomwa. Kibanda hakina dirisha, na yeye alikitaka kwa sababu hiyohiyo. Nikaanza kumtilia shaka hapo, maana kwa joto letu hili mtu mwenye nia njema huomba dirisha.

Basi nikawa namchunguza. Asubuhi anaingia na ndoo ya maji, anatoka nayo tupu. Adhuhuri tena. Alasiri tena. Siku moja naanua nguo karibu na ukuta, nikasikia maji yanachuruzika, kisha sauti yake, ya chini, ya upole: "Haya, mmeshakunywa, tulieni sasa." Mtu haongei na choroko.

Nilijua jambo jingine juu yake. Alikuwa na kijana wake, mkubwa wa kunyoa ndevu, aliyechukuliwa na wale waasi wa msituni na hakuonekana tena. Alinieleza mwenyewe, mara moja tu, tukichambua mchele, na hakulia. Kwa hiyo nikajumlisha mambo: mwanamke hana mume, hana wageni, ana kufuli, na maji yanaingia mara tatu kwa siku. Kijana karudi, kafichwa kwangu. Nikawaona kabisa tropa, askari wa serikali, wanakuja na bunduki zao, nyumba yangu inaanguka mara ya pili, na mimi naulizwa maswali nisiyo na majibu yake. Niliogopa, sijitii ushujaa. Nilimkasirikia pia, kwa kunifanya mjinga katika uwanja wangu mwenyewe.

Nikajitanda ushungi, nikaenda kwa chefe, mkuu wa mtaa wetu. Nikamwambia kuna mtu kwangu, nadhani ni mwana wa mpangaji.

"Umemwona kwa macho?" akauliza.

Nikajua nikisema nimesikia maji tu atanirudisha nyumbani kwa kicheko. Nikasema nimemwona. Halafu nikamwapisha asinitaje.

Wakaja kesho yake asubuhi, yeye na tropa wawili. Mpangaji akafungua kufuli bila ubishi. Ndani mlikuwa na ndoo nne zilizotobolewa chini, kila moja imefunikwa gunia lililoloweshwa, na juu yake sahani na jiwe. Tropa mmoja akafunua. Choroko zilikuwa zimeota, nyeupe, nono, zimesongamana hadi ukingoni. Mwanamke akaeleza mbiombio: alijifunza Mtwara, jikoni kwa watu; zinataka giza, maana mwanga huzitia uchungu; zisipooshwa kila mara zinanuka; mpishi wa kambi ya wageni wachimba gesi ndiye anayezichukua, na yeye alizificha ili wanawake wenzake wasimwige. Tropa akatafuna kidogo, akasema si mbaya. Wote wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana hofu ilikuwa imenitoka.

Chefe akaona aombe radhi. "Tusamehe, mama. Kuna mtu alituambia kamwona mwanao humu."

Mwanamke akamshika mkono, kwa mikono yake yote miwili. "Kamwona? Kamwona lini? Alivaa nini?"

Chefe akatazama chini. Alikuwa ameapa, na kiapo chake alikitunza. Mimi nilisimama palepale, hatua tatu kutoka kwao.

Jioni akaja kwangu na sahani ya choroko zilezile, kazikaanga kwa kitunguu na tui zito la nazi. Tangu nimjue sijapata kumwona mchangamfu namna ile. Akaketi mkekani, akanisogezea sahani.

"Mama, wewe watu wanakuambia mambo," akasema. "Nani kamwona? Simgombezi, wallahi. Nataka tu aniambie kama kakonda."

Nilitaka kumwambia. Aibu ilinijaa mpaka masikio yakawaka moto. Lakini nikaanza kula, nikala zote, na zilikuwa tamu. Nilipomaliza bado alikuwa ananitazama, anangoja.

Nikamwambia nitamuulizia.