Fuso lililokuja kuwachukua punda wetu

Neno moja nililoandika jana limetuletea mnunuzi wa ngozi hadi getini.

Jana niliweka hapa picha za shamba letu la kutunza punda waliookolewa, huku Magu, nikaomba gari. Ziwa limepanda hadi kwenye mazizi, na punda wamesimama ndani ya maji.

Leo mchana Fuso likaingia. Nilifurahi mno, nikamwamkia dereva kabla hajashuka.

"Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na wale walio hoi."

Nikasema moyoni, huyu mtu ana huruma.

Mama Kabula, anayewalisha punda, akachungulia nyuma ya gari. Hakukuwa na nyasi za kuwatandikia punda. Kulikuwa na kamba, visu na magunia ya chumvi.

"We baba, chumvi ya nini?"

"Ya ngozi, mama. Si mmeandika mnaomba gari la kuwaondoa punda?"

Ni kweli, niliandika kuwaondoa. Nilirudia kulisoma lile chapisho kabla ya kulituma, jamani, na sikuona kosa.

Mama Kabula alisimama mlangoni mwa zizi, maji yakiwa magotini. Mimi nikamwambia yule bwana hatuuzi.

Akacheka. "Sawa. Maji yakiwafika tumboni mtaniita wenyewe."

Naomba niandike upya: tunataka kuwahamisha punda wakiwa hai. Mwenye gari, au eneo la mwinuko, awe Magu au hata Ilemela, anijibu hapa chini sasa hivi.

Yule bwana ametoa Fuso lake, lakini hajaondoka. Amezima injini nje ya geti, anayaangalia maji.