Kinyonga wa Marinda

Goti la kulia la Mwamvua lilianza kulalamika miaka kadhaa iliyopita, naye akalifanyia kama anavyowafanyia wateja wasumbufu: alilisikiliza kwa sikio moja huku akiendelea kushona. Lakini goti si mteja. Mteja akichoka anahamia kwa fundi mwingine. Goti halina pa kuhamia. Likabaki pale pale chini ya cherehani likivimba, hadi ikafika hatua kwamba asubuhi akitoka kwake Elerai kwenda barazani, nyuma ya Soko Kuu, inabidi apumzike njiani mara kwa mara kwa kisingizio cha kuulizia bei ya nyanya ambazo hana mpango wa kununua.

Wengi wanamwita Mama Salha, kwa jina la bintiye wa pekee aliyeolewa Babati. Umri wake ni wa kustaafu, ila fundi wa barazani hastaafu. Anaacha tu kuja siku moja, watu wanaulizana, basi. Kwenye baraza lile amekaa tangu Salha anabebwa mgongoni, na cherehani yake ni ile ile nyeusi ya kukanyaga, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika pale mkono unapopita. Aliachiwa na Mama Jasleen, mama wa Kisingasinga aliyemfundisha kazi, siku familia ile ilipohamia Uingereza.

Pamoja na cherehani alipewa kiboksi cha kijani cha kadibodi, ndani yake vidude vya chuma: cha kukunjia pindo, cha kushikia utepe, na vingine ambavyo hata Mama Jasleen mwenyewe hakuwahi kuvitumia. Kimoja tu ndicho kilichopata maisha. Kina mkono, kina meno, na ukikifunga kwenye cherehani kinasukuma kitambaa mbele, kinasita, kinasukuma tena, na nyuma yake yanatoka marinda yaliyolingana hata ukiyapima kwa rula. Kwa mwendo ule wa kwenda na kusita, mafundi wa baraza wakakiita kinyonga. Jina likakolea, hata wateja wakawa wanaagiza: "Mama Salha, yangu iwe ya kinyonga."

Msimu wa kinyonga ni mwisho wa mwaka, mvua za vuli zikishauficha mlima na mabinti wa Kilutheri kutoka Meru yote wakijiandaa kwa Kipaimara. Kila mzazi anataka gauni jeupe, na kila gauni jeupe linataka marinda, safu juu ya safu, kana kwamba mchungaji atakataa kuweka mkono juu ya kichwa cha mtoto mwenye safu moja. Mwamvua ni Mwislamu, lakini amewashonea Walutheri wengi kuliko wanavyojua wachungaji wao. Anayemsaidia ni Elizabeth, fundi wa meza ya pili, Mmeru wa Akheri. Elizabeth hana kinyonga wa kwake. Kwa hiyo kila msimu kinyonga huhama kutoka meza hii kwenda ile na kurudi, na hajawahi kulipiwa hata soda.

Zamani vidude hivi havikuwa na bei. Bwana Noordin, Mhindi mwenye duka la vipuri vya cherehani mtaa wa pili, alikuwa navyo ndani ya kopo la maziwa chini ya kaunta. Ukinunua sindano na mafuta alikutupia kimoja kama nyongeza. Halafu wazungu wakaanza. Si wale wanaokuja kupanda mlima. Hawa wamekaa makwao na simu zao, wanakusanya vifaa vya cherehani za zamani kama watu wengine wanavyokusanya stempu. Wanavipanga kabatini na kuvitazama. Hawashoni. Hilo ndilo lililomshinda Mwamvua kulielewa, na kusema kweli hata mimi linanishinda.

Kopo la maziwa likapanda juu ya kaunta, kisha likageuka kabati la kioo, kisha kabati likatiwa kufuli. Bwana Noordin akawa na watu wanaozunguka hadi Ngaramtoni siku ya gulio na hadi Oldonyo Sambu kuulizia nani ana cherehani ya bibi. Mara ya kwanza Mwamvua aliposikia, kinyonga alikuwa na bei ya kuku. Baadaye kidogo akawa mbuzi. Mwaka huu ni mbuzi aliyenona, na Mwamvua akajikuta anamtazama kinyonga wake kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazamia, kisha akaona haya.

Ijumaa moja alikwenda kununua mkanda wa cherehani. Bwana Noordin, ambaye wamezeeka pamoja, alimtazama akipanda ngazi za duka.

"Mama Salha, hilo goti daktari anasemaje?"

"Anasema niache kukanyaga. Nikamuuliza nianze kufanya nini, akaita mgonjwa mwingine."

Bwana Noordin akacheka, kisha akaacha kucheka. Aliinua macho kwenye mota mpya za cherehani zilizoning'inia ukutani, akateremsha moja na kuiweka kaunta mbele yake.

"Sikiliza, mama. Kile kidude chako cha marinda, pamoja na boksi lake. Nina mteja yuko nje, anatafuta hicho hicho, toleo hilo hilo. Niletee Jumatatu. Mimi nakufungia mota hii kwenye cherehani yako, hutakanyaga tena. Unagusa tu, inakwenda. Na taa ya kushonea nakuwekea juu yake." Akanyoosha kidole. "Lakini kilete kama kilivyo. Usijisumbue kukifanyia chochote."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyoponza kila kitu, na tusimlaumu Mwamvua haraka. Kwetu mtu akikualika anakwambia njoo hivyo hivyo, usibebe kitu, na ole wako uende hivyo hivyo. Mgeni akisema "usijisumbue, mie sikai," mwenyeji mwenye akili anabandika chai. Bwana Noordin amezaliwa Arusha, ana adabu zake, na Mwamvua alimsikia kama unavyomsikia mtu mwenye adabu. Alishukuru, akateremka ngazi, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima hakusimama kuulizia nyanya.

Kesho yake, alasiri, alimwambia Elizabeth. Hakujua aanzie wapi, akaanzia mwisho.

"Elizabeth, namtoa kinyonga. Noordin ananipa mota."

Elizabeth alikuwa anapitisha kitambaa cheupe. Mkono wake ukasimamisha gurudumu. Alitazama gauni zilizoning'inia juu yake, na chini ya gauni mfuko wa vitambaa ambavyo hata kukatwa bado.

"Zangu nimemaliza," Mwamvua akasema haraka. "Zako ulizokata lete leo tuzipitishe."

"Na hizi ambazo sijakata?"

Mwamvua akainamia goti lake, akalisugua. Elizabeth akapumua.

"Goti ni lako, dada. Mimi silali nalo. Marinda hata kwa mkono yanavutwa, mama yangu alivuta." Akasimama, akamchukua kinyonga kiganjani, akamgeuza geuza. "Ila hatumpeleki hivi, hapana. Hebu ona alivyo mweusi! Mafuta ya tangu enzi za Mama Jasleen. Chema chajiuza, dada. Ukimpeleka hivi Mhindi atakupunja."

Walipomaliza kupitisha zile zilizokatwa, kazi ikaanza. Walimlowesha kwenye mafuta ya taa. Wakamsugua kwa majivu na ndimu. Madoa mengine yakagoma, na Elizabeth, ambaye hapendi kushindwa na doa, akaenda kwa seremala wa jirani akarudi na kipande cha msasa. Alisugua yeye, ametoa ulimi nje kidogo kama mtoto anayeandika, vumbi la chuma likimwingia kwenye kucha. Mwamvua naye alichukua kile kiboksi cha kijani kilichochakaa pembe, akakibandika karatasi ya zawadi yenye waridi jekundu, ile wanayofungia vyombo vya harusi. Jioni ilipoingia kinyonga aling'aa kama kijiko cha mgeni. Mwamvua aliwatazama wote wawili, kinyonga na Elizabeth, akaona machozi yanamjia. Huyu mtu alikuwa anasugua riziki yake mwenyewe ili imtoke vizuri.

Jumatatu Bwana Noordin alipokea kiboksi cha waridi kwa mikono miwili. Alikifungua. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alimpeleka kinyonga kwenye mwanga wa mlangoni, akampapasa ubavuni kwa kidole gumba, mahali palipokuwa na herufi na mwaka.

"Nani kasugua?" aliuliza taratibu.

"Mimi," Mwamvua akasema. Alikuwa bado anatabasamu.

"Kwa msasa?"

Tabasamu likaanza kumchoka mdomoni. Bwana Noordin akavuta stuli, akamkalisha, akaagiza chai, na hapo ndipo Mwamvua alipojua mambo yameharibika. Mfanyabiashara hakuagizii chai ya kukupa pole bure.

"Mama, wale watu wananunua uzee. Ile ngozi yake ya juu, zile herufi, lile boksi bovu. Boksi ningeweza kuwaomba radhi. Lakini ngozi imetoka yote, na herufi zimekwenda. Nikikituma, kitarudishwa, na mimi nitatukanwa." Alimweka kinyonga kaunta, pole pole, kama mtu anayemlaza mtoto. "Sasa hiki ni cha kushonea tu."

"Si ndiyo kazi yake?"

"Ndiyo kazi yake. Ila bei haiko huko."

Mota ilikuwa pale kaunta, bado ndani ya nailoni. Bwana Noordin alisema angeweza kumpunguzia kidogo, na alimaanisha, lakini hata hicho kidogo kilichopunguzwa kiliacha kikubwa ambacho Mwamvua hakuwa nacho wala hakuwa na wa kumwomba. Alimaliza chai kwa heshima, akamrudisha kinyonga kwenye kiboksi, akaaga. Ngazi za kuteremka zilikuwa mbaya kuliko za kupanda.

Njiani alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa na jina. Msasa. Yeye angeishia kwenye majivu na ndimu, na majivu na ndimu huenda yasingeng'oa kitu. Nani alikwenda kwa seremala? Nani alitoa ulimi nje akisugua? Ng'ombe wa maskini hazai, wanasema, lakini huyu wa kwake alikuwa amezaa kabisa, ndama amesimama, na shoga yake kamkanyaga kwa wema. Alipanga maneno. "Elizabeth, msasa wako umenimaliza." Aliyarudia mbele ya genge la nyanya mpaka muuzaji akamuuliza, "Ngapi nikuwekee, mama?"

Alifika barazani na maneno yake mdomoni, akakuta mahali pake pamefagiliwa.

Elizabeth alikuwa ameisogeza ile cherehani nyeusi kidogo mbele, mota ipate nafasi nyuma. Amepangusa vumbi la miaka kwenye miguu yake ya chuma. Kutoka kwa kinyozi wa mlango wa tatu alikuwa ameomba umeme, na waya mweupe ulitambaa sakafuni hadi chini ya kiti cha Mwamvua, ukiwa na soketi mwishoni, tayari. Yeye mwenyewe amekaa kwenye meza ya pili anavuta marinda kwa mkono. Uzi ulikuwa umemkatikia. Marinda yalikuwa yamebanana upande mmoja na kulegea upande mwingine, na kidole chake cha shahada alikuwa amekifunga kitambaa.

"Mota iko wapi?" aliuliza, akatazama nyuma ya Mwamvua, labda imebebwa na mtu.

Mwamvua alikaa kwanza. Goti lilikuwa linagonga kama moyo. Maneno yalikuwa bado yapo, yote, kwa mpangilio wake.

"Nimeghairi," akasema.

"Umeghairi?"

"Nimeghairi, Elizabeth. Nimefika mlangoni nikaona, aa. Msimu wenyewe ndio huu."

Elizabeth alimtazama, kisha akaja akamkumbatia pale pale alipokaa, kichwa cha Mwamvua kikazama kwenye kanga yenye harufu ya pasi ya mkaa. "Nilijua," alisema, akilia. "Jana kanisani nilisema moyoni, dada hawezi kuniacha hivi hivi. Nilijua!" Akageuka kuwatangazia: kinyozi, seremala, mama wa genge, wote wasikie kwamba Mama Salha amekataa mota ya Noordin kwa ajili ya mwenzake. Watu wakaja na pole na pongezi. Seremala akasema watu wa namna hii wamebaki wachache. Mwamvua aliitikia kila mmoja, na kila sifa ikamchosha zaidi ya ile iliyotangulia, maana hakuna hata moja iliyokuwa yake.

"Na goti?" Elizabeth akakumbuka, akipangusa macho.

"Goti tumezoeana."

"Nitakuwa nakuletea mafuta ya kuchulia, yale ya kina mama wa Akheri." Alisita, akatazama mfuko wa vitambaa, akaona aibu kidogo, ila aibu ikashindwa kumzuia. "Basi dada, niazime leo. Nina gauni za watu hapa, na vidole ndiyo hivi."

Mwamvua akafungua kiboksi cha waridi, akampa.

"Na anavyong'aa!" Elizabeth akasema.

Muda si mrefu kinyonga alianza kutembea kwenye meza ya pili, anakwenda, anasita, anakwenda, na marinda yakatoka yamelingana. Waya wa kinyozi ulikuwa bado umelala sakafuni. Mwamvua aliusogeza ukutani kwa ncha ya kandambili usije ukamkwaza mtu, akachukua sketi ya shule iliyokuwa inasubiri pindo, akaweka mguu wa kulia kwenye kanyagio, akakanyaga.