Kaboni Mlangoni Pangu

Siku radio iliposema kwamba chini kabisa ya dunia kuna kaboni nyingi kuliko wataalamu walivyowahi kudhani, nilikuwa nanyoa ndevu uani, kioo nimekitundika kwenye msumari. Nilisimamisha wembe nisikilize. Mtangazaji alisema kaboni hiyo imeyeyuka kwa joto, iko mbali sana chini, mahali ambapo hakuna chombo cha kuchimba kitakachofika. Sehemu hiyo ya mwisho niliisikia vizuri. Naandika hivyo kwa sababu baadaye nilifanya kana kwamba sikuisikia.

Tulikuwa katika amani ya kulala na viatu. Vita vilikuwa vimekwisha kwa maneno, lakini kila nyumba hapa Ngezi, mtaa wetu huku Ituri, ilikuwa na furushi nyuma ya mlango: nguo, sufuria, vyeti vya shule vya watoto. Magari meupe ya askari wa kigeni yalipita mchana. Jioni, kukisikika mlio, watu walinyamaza kwanza ili wajue umetoka upande gani.

Asubuhi hiyo nilikwenda kwenye kibanda cha kuchaji simu, ambako wanaume wa mtaa walikaa. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari kwa mapadri na kufanya kazi ya ukarani kwenye ghala la kahawa, kwa hiyo habari za radio zililetwa kwangu kama mtu anavyopeleka saa kwa fundi.

“Muzee, weye ulisoma,” alisema mfyatua matofali. “Hiyo kaboni ni kitu gani?”

“Makala ya kupikia ni kaboni. Almasi ni kaboni. Hata weye, ndani yako kaboni iko.”

“Na ile ya chini, iko moto?”

“Iko moto sana.”

“Basi siye tunalala juu ya jiko, juu ya mbabula!”

Watu wakacheka. Mama aliyeuza makala ng'ambo ya barabara akapaza sauti: “Kama makala iko chini ya nyumba ya kila mutu, miye nitauzia nani? Muambie radio inyamaze!”

Mmoja hakucheka. Alikuwa mtu wetu, wa familia za ng'ombe kama mimi. Vita vilimkuta na zizi lililojaa vikamwacha na fimbo. Alisema polepole: “Goma iliungua kutoka chini, kwa volkano. Na huku kwetu, kila walichokuta chini ya udongo kilitufukuza juu yake. Walikuta dhahabu, tukakimbia. Sasa wamekuta hii.”

Kicheko kikakatika. Nilipaswa kusema hapo kwamba kitu hicho hakifikiki. Lakini wote walikuwa wamenigeukia, na nilipenda kutazamwa hivyo. Nikasema tu, “Tutaona.”

Jirani yangu wa mpaka alikuwa mtu wa upande wa Mahagi, Mkatoliki, muuza samaki wakavu kutoka ziwani. Alinunua kiwanja kando yangu wakati watu waliporudi mjini. Wakati huo alikuwa anachimba kisima, maana mke wake alitembea mbali kuteka maji, na njia ile haikuwa salama kwa mwanamke.

Mtaani kwetu kulikuwa na desturi. Mtu akitaka kuchimba kisima, humwita jirani wa mpaka apige jembe la kwanza. Kuanzia hapo jirani huyo ni shahidi. Mtu akiuliza kwa nini ardhi imefunguliwa, shahidi ndiye anayejibu; mwenye kisima hunyamaza. Jirani alikuja kwangu kwa adabu, na samaki wawili kwenye karatasi. Nilikwenda na jembe langu, nikapiga mara moja, nikamwachia jembe amalizie kazi. Alifurahi sana. Alisema sasa yeye ni mwenyeji.

Siku chache baada ya habari ya radio, aliniita ng'ambo ya ua. Alikuwa ndani ya shimo lililomfika kifuani, uso wote una madoa meusi.

“Jirani, hii ni nini? Inateleza kama sabuni.”

Akanipa jiwe jeusi, laini, linalong'aa kidogo. Nilipolisugua, vidole viligeuka rangi ya risasi ya penseli. Nililijua palepale. Shuleni padri alituonyesha jiwe kama hilo kwenye sanduku la kioo, akasema nalo ni kaboni. Nikarudi kwenye mlango wangu wa mbao na kuandika nalo kwa herufi kubwa: KABONI. Watoto wakapiga makofi.

Yule mama wa makala alikuwa anapita na gunia lake. “Ni ileile ya radio?”

Jibu lilikuwa hapana. Ile ya radio iko chini ya mizizi ya milima; hii ilikuwa jiwe la kawaida la tumbo la kilima chetu, halimfai mtu kitu. Lakini hapana ni neno fupi, lisilompa mtu sifa. Nikacheka na kusema, “Ni ndugu yake.”

Kufikia jioni, ndugu yake alikuwa amefika mtaa wa Bigo. Kesho yake watu walikuja kuchungulia shimo. Mhubiri mmoja alisema hakuna anayefungua mlango wa moto kwa bahati mbaya. Mwingine alisema gari la wageni limeonekana likipunguza mwendo penye kona. Kisha maswali yakaacha jiwe, yakamwendea mtu: mtu wa ziwani anatafuta nini chini ya kilima? Ametumwa na nani? Wakiileta kampuni, nani atahamishwa?

Walikusanyika uani kwake mchana, jua kali. Sikuona panga wala fimbo. Walikuwa majirani tu, mikono nyuma, na utulivu ambao sote tulikuwa tumeuona zamani na tuliujua unaelekea wapi. Mke wake alisimama mlangoni na ndoo mpya, ambayo haijawahi kuingia maji.

Yule aliyepoteza ng'ombe ndiye aliyeuliza, na aliuliza kwa desturi: “Nani alipiga jembe la kwanza hapa?”

Jirani hakujibu, kwa kuwa haikuwa zamu yake kujibu. Alinigeukia akiwa na uso wa mtu aliyekwisha kulipia kitu na sasa anakisubiri apewe. Jembe langu lilikuwa limelala kwenye ukingo wa shimo. Mpini wake niliuchonga mwenyewe.

Nilitazama watu wangu. Niliona kwamba nikisema “mimi”, swali litahamia kwangu, na furushi langu pia liko nyuma ya mlango.

“Miye niliona tu anachimba,” nilisema.

Jirani aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei. Walifukia kisima saa hiyohiyo, kwa mikono na kwa mabati ya zamani. Mimi pia nilisukuma udongo kwa mguu. Hakuna aliyepigwa wala kutukanwa. Wengine walimsaidia mke wake kuondoa vyombo vyao visichafuke.

Asubuhi iliyofuata mlango wake ulikuwa umeandikwa kwa jiwe lilelile: MUTOKE. Mwandiko haukuwa wangu, lakini kuandika mlangoni kwa jiwe hilo ni mimi niliyewafundisha.

Waliondoka na lori la njia ya Mahagi, juu ya magunia ya wengine. Kabla ya kupanda, alikuja kwangu. Jembe lilikuwa limeoshwa likakauka. Aliliegemeza ukutani.

“Jembe lako, jirani.”

Akaenda kupanda lori. Kampuni haikuja. Kilima hakikuungua. Miaka imepita, na moto uliokuja Ituri baadaye uliletwa na watu wenye miguu, kama siku zote.

Kisima kimekataa kujaa. Kila mvua kubwa udongo unashuka, panabaki duara lenye maji meusi, nami huchukua ndoo nikaongeza udongo, watoto wasitumbukie. Wiki iliyopita niliwakuta vijana wawili hapo na kamba, wanapima kiwanja. Niliwauliza wametumwa na nani.

“Hiki kiwanja hakina mwenyewe, Muzee.”

“Kina mwenyewe. Kisima hiki, jembe la kwanza nilipiga miye. Miye ndiye shahidi.”

Walitazamana. Mmoja akazungusha kamba mkononi, akatabasamu. “Na nani alikuuliza, Muzee?”

Alisema kweli. Siku ya kuulizwa ilikwisha kupita.

Jana asubuhi nilifungua mlango nitoke nje. Neno langu, KABONI, bado lipo mlangoni, maana baraza halifikiwi na mvua. Chini yake mtu ameandika kwa makala ya jikoni, herufi kubwa, bila haraka: MUTOKE. Sikulifuta. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na ng'ambo ya ua duara lilikuwa limeshuka tena. Nilichukua ndoo na lile jembe, nikavuka.