Mstari Mwekundu wa Kadi ya Nane

Kosa langu kubwa la mwanzo katika kazi ya chapa lilikuwa kudharau karatasi ambayo sikuielewa. Niliifungia dagaa.

Kazi yenyewe ilikuwa kadi za posho za wakimbizi, waliokuwa wakishuka kwenye maboti kila siku. Duka letu la uchapaji pale mtaa wa Mwanga, katika mji wa kando ya ziwa, lilikuwa na kompyuta moja, printa moja na mashine ya chapa iliyopiga rangi moja kwa wakati. Kadi ya rangi mbili ilipita mashineni mara mbili: kwanza maandishi meusi, kisha mstari mwekundu wa pembeni. Mimi ndiye niliyetenganisha rangi kwenye kompyuta ili kila moja itoke kwenye karatasi yake, ambayo ndiyo tuliyotengenezea chapa ya mashine. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kubonyeza huku nikiogopa.

Nilipanga kadi nane kwenye ukurasa mmoja. Mstari wa kadi ya nane uligoma kukaa sawa, nikaufuta, nikachukua mwingine kutoka tangazo la zamani la mechi, nikaubandika. Kwa macho wekundu ulikuwa ule ule. Kwa kompyuta zilikuwa rangi mbili tofauti, na printa ikatoa karatasi tatu badala ya mbili. Ya tatu ilikuwa tupu, ila mstari mmoja kwenye kona ya chini. Nikadhani printa imetapika uchafu kama kawaida yake.

Kinachoniuma ni kwamba nilikagua. Mashine ilipopiga wino mwekundu nilisimama na rula, nikipima kama mstari umeangukia mahali pake. Ukisogea kidogo tu, nasimamisha kazi.

"Profesa," mwenye duka akaniambia, "watu wana njaa, wewe unapima unywele?"

Nilipima kadi ya kwanza ya kila karatasi. Ya nane sikuitazama.

Karatasi zikaenda bila kukatwa. Wahudumu walizikata wenyewe kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi, kando ya ziwa, mbele kidogo ya bandari ndogo ya Kibirizi. Walinzi wa foleni wakaambiwa kwamba kadi halali ina mstari mwekundu.

Nilipokwenda kupeleka fungu la pili nilisikia kabla sijaona: sauti kama ya mtu anayepiga godoro. Mzee mwembamba kutoka Burundi alikuwa amepiga magoti, unga umemwagika mbele yake, walinzi wawili wako juu yake na marungu.

"Umeitengenezea wapi hii kadi?"

"Nimepewa hapa hapa, wanangu. Ndabasavye, nawaomba!"

"Ndabasavye nini? Mstari uko wapi, mzee? Umeulamba?"

Foleni ikacheka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akapiga kelele, "Mvunjeni mkono! Ndio hao wanaotumalizia unga!"

Kadi ilikuwa chini, kwenye tope. Mzee akaifunika kwa kiganja isikanyagwe. Rungu likashuka juu ya kiganja hicho. Vidole vililia kama kuni kavu. Alipouvuta mkono kifuani, nikaiona kadi. Ilikuwa yangu, maandishi yamenyooka vizuri sana, na pembeni hakuna kitu. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile karatasi ya dagaa.

Nitasema ukweli. Wazo langu la kwanza halikuwa yule mzee. Niliwaza kwamba sasa watu watajua mimi si fundi. Rungu likapanda, likashuka kwenye bega lake, likapanda tena, nami nimesimama na fungu langu kwapani. Damu ilimtoka sikioni. Ndipo nikachana fungu, nikatoa karatasi isiyokatwa, nikainyanyua juu.

"Kadi ni halali! Tazameni kona ya chini, kadi zote za kona hiyo hazina mstari! Kosa ni la uchapaji!"

Mlinzi aliitazama karatasi, akanitazama mimi. "Nani kachapa?"

"Mimi."

Alinipiga mdomoni kwa ncha ya rungu. Nikaanguka, nikameza jino. Kijana mmoja akatoka kwenye foleni, "Kumbe ni wewe! Juzi nimefukuzwa na kadi hii hii, watoto wamelala njaa!" Akanikanyaga mbavu. Wengine wakaja. Wengi walikuwa na kadi ya nane, na wale ambao hawakuwa nayo walipiga pia. Kati ya miguu yao nilimwona mzee. Walikuwa wamemwacha. Alikuwa akizoa unga na tope kwa mkono wa kushoto, akiutia kwenye mfuko.

Hakuna mlinzi aliyemwomba radhi. Nilimfuata baadaye, mdomo umevimba, nikasema nilichoweza. Aliniuliza jambo moja tu: kama atapewa kadi nyingine. Alipewa. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka tena, na kabla ya kukimbia kwao alikuwa seremala.

Siku hizi, kabla ya kutengeneza chapa, nafungua orodha ya rangi na kufuta kila rangi iliyoingia bila kuitwa. Kisha natoa kila rangi kwenye karatasi ya kawaida, nazipandisha moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha, na kukagua. Naanzia kona ya chini.