Fundi Asiyeanza Jumatatu

Mwaka uliofuata mafuriko makubwa, baba mdogo alikuja kutoka Hola akatuambia waziwazi: masika yakitukuta bado chini ya turubai pale Garsen, atawachukua wadogo zangu wawili wa mwisho akakae nao. Hakusema kwa ubaya. Wazazi walikuwa wamekufa, nyumba ilichukuliwa na maji, na mimi, mkubwa wa watoto watano, nilikuwa nimeacha shule darasa la sita ili niwalee. Kilichonitisha ni kwamba alisema kweli.

Fundi wa kwanza niliyemwendea alikuwa na sifa mjini. Kuta zake zilinyooka, na maneno yake pia.

"Jumatatu naanza, dada. Wiki tatu unapika ndani."

Nikamwomba anionyeshe nyumba aliyoijenga kabla ya mafuriko.

"Za kabla? Mungu alizichukua. Maji hayakuchagua."

Nilicheka naye, lakini sikumpa kazi. Siku zilikuwa zinakwisha, na huyu ndiye aliyekuwa tayari.

Hata hivyo, kesho yake nikaenda kijiji cha Golbanti. Nilikuwa nimesikia kuna fundi mzee wa huko ambaye nyumba alizojenga zilikaa majini wiki nyingi zikabaki zimesimama. Kwenye mojawapo nilimkuta mama akikandika ukuta. Nikamuuliza kama mumewe yupo, nipate habari za fundi.

"Mume wa nini?" akasema, mikono imejaa udongo. "Wanaume wanajua siku ya kuezeka tu. Sisi tunaokandika ndio tunajua nguzo ipi inacheza." Akanivuta hadi kwenye nguzo ya pembeni. "Sukuma. Sukuma kama mtu aliyekula."

Nguzo haikutikisika.

"Udongo wote uliondoka, mpaka tukawa tunasalimiana na jirani kupitia ukutani. Hizi hazikwenda popote."

Mzee alikuja Garsen, akazitazama nguzo nilizokwisha nunua, akatupa kando zaidi ya nusu.

"Zimekatwa mbichi. Zitasinyaa shimoni, zitalegea. Ziache zikauke."

"Mzee, masika hayangoji. Na kuna fundi anayesema ataanza Jumatatu."

"Basi mwite huyo wa Jumatatu."

Sikumwita. Majuma matano nilitazama mawingu kuliko nilivyotazama sufuria. Mara mbili nilikwenda hadi mlangoni kwa yule fundi wa kwanza, nikasimama, nikarudi. Wadogo wakiniuliza tunajenga lini, niliwajibu kwa ukali ambao hawakustahili.

Nguzo zilipokauka, mzee alirudi akazisimamisha, akaezeka. Baba mdogo alifika mvua za kwanza zikinyesha. Alikuta nguzo, fito na paa la makuti ya mkoma, bila ukuta hata mmoja, na sisi watano tumejikunyata katikati.

"Hii ndiyo nyumba?"

"Kuta ni kazi yetu," nikasema. "Udongo umeshalowa."

Alizunguka chini ya paa lote, uso juu, akitafuta panapovuja. Mdogo wetu wa mwisho alinishika kanga. Sikumtazama, nisije nikalia.

Kisha baba mdogo akavua viatu, akakunja suruali, akauliza jembe liko wapi.