Nilivyoipasua SSD Kama Korosho

Nianze na la aibu, nisije nikalikimbia: SSD mpya kabisa, ile diski ya kisasa ya kuhifadhia video, sijaichomeka hata mara moja, niliipasua kwa kisu nione kilichomo ndani.

Msinicheke kwanza. Huku kwetu Newala korosho unaipima kiganjani. Ikiwa nyepesi, imeoza, na mkibishana mnaikata mnaangalia wote. Shule niliishia kidato cha pili, lakini mtihani wa korosho sijawahi kufeli. Sasa naishika SSD niliyoinunua Masasi kwa bei ya chini, nyepesi kama pakiti ya biskuti iliyokwishaliwa. Naitikisa, kimya. Diski yangu ya zamani nzito kama tofali! Nikasema hapa nimepigwa. Nikaikata ganda.

Ndani, kibao kidogo cha kijani kimejibanza pembeni. Kwingine kote hewa.

Ingekuwa ya kuchezea tu, ningelala. Lakini mimi ni mpiga video wa harusi na kwaya, na diski ya zamani ilishaanza kugonga, tik, tik, dalili ya kufa. Humo ndimo alimo mwalimu mmoja wa kwaya wa Mnyambe, marehemu sasa, anaimba na wenzake. Nakala nyingine hakuna. Mjane wake hunipigia: "Baba Mapacha, mume wangu bado anaimba humo?" Namjibu bado, mama. Siku ile ya kisu alipiga tena, nikajibu bado huku namwomba Mungu.

Asubuhi nikashuka tena Masasi na laptop yangu. Diski inayogonga nimeiviringisha kwenye khanga ya mke wangu, mzoga wa SSD uko mfukoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umenuna?"

"Umeniuzia ganda."

Mama mwenye duka akaitazama, akacheka mpaka akashika meza. "We baba! Zote ndivyo zilivyo! Nani kakutuma uipasue? Sasa garantii basi tena."

"Garantii kaa nayo. Mimi sitoki hapa mpaka nijue inashika au haishiki."

"Kasi imeandikwa kwenye boksi, si usome?"

"Boksi halijawahi kubeba kwaya ya mtu, mama."

Nikavuta stuli. Nikaichomeka hivyo hivyo ikiwa uchi, nikaanza kuijaza filamu za kwenye kompyuta yake. Mwanzoni ilikimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Mama akaninyooshea kidole: "Umeona?" Nikamwambia tusubiri. Baadaye ikachoka, ikawa inajikokota kama mimi nikitumwa kupalilia.

"Na hii nayo imeandikwa kwenye boksi?"

Akageukia wateja wengine. Mmoja akaniuliza mimi nauza nini. Nikamwambia nauza ubishi.

Nikaijaza mpaka ikasema haiwezi tena. Maana zipo za uongo, zinajidai kubwa, ukizishindilia zinafuta za mwanzo kimyakimya. Nikafungua filamu ya kwanza, ya katikati, ya mwisho. Zote zikacheza. Basi nikafuta zote, nikaanza kuingiza za kwangu. Diski kuukuu ikagonga, ikasimama katikati ya wimbo. Ikagonga tena, ikaendelea. Hadi mama anaanza kufunga duka, mwalimu wa kwaya alikuwa anaimba ndani ya kile kibao cha kijani, sauti safi kabisa, na mama mwenyewe anamwitikia.

Kwa hiyo wanaoniuliza kama SSD ya bei ya chini inafaa, nawaambia inafaa. Ile kasi ya kwenye boksi ni ya mwanzo tu, ukiipa mzigo mkubwa inachoka. Lakini ukifungua video inaiacha diski ya zamani ya kuzunguka mbali sana, na nafasi iliyotangazwa ninayo kweli. Ila asije mtu akaniambia niamini boksi. Nikinunua nyingine nitakaa tena dukani kwa watu naijaza, waniite mshamba mpaka wachoke wao.

Niliporudi Newala nikamhadithia yote rafiki yangu, fundi redio, huku nimetanua kifua. Akacheka ile ya kisu, akafuta machozi. Halafu akasema, "Sawa, shujaa. Ila jana marehemu alikuwa kwenye diski moja inayokufa, na leo yuko kwenye diski moja isiyo na garantii. Nakili nyingine kabla mjane hajapiga simu."