Usukani wa Marehemu

Shemeji aliingia uani amefura, hakuna cha hodi wala salamu. "Usiguse usukani wa kaka yangu."

Mjane hakuinua kichwa. Alikuwa ameshanyoosha matairi ya mbele na kulegeza nati. Usukani wa zamani ulikuwa mpana kama sinia, umepasukapasuka, na kila akikata kona ulimchana viganja. Mpya ulitoka kwenye gari la kisasa lililopinduka. Meno yake hayakuoana na ya pikapu hii kuukuu, ikabidi fundi chuma amchongee kiungo cha katikati.

"Una kichwa kigumu wewe. Pikapu hii ni ya ukoo," shemeji alifoka. "Kaka kaushika usukani huo maisha yake yote."

"Na mimi nilikuwa nyuma nasukuma ikigoma kuwaka. Wewe ulikuwa wapi, shemeji?"

Akakaza nati, akajaribu kushoto na kulia. Ulikuwa mzito, lakini ulitii. Kisha akaokota ule wa zamani, akamsukumizia shemeji kifuani mpaka akaupokea kwa mikono miwili.

"Haya, urithi wako huo," alisema, akawasha gari. "Endesha mpaka kwako."